Lanolini kwenye mafuta ya nywele: ni ya mnyama gani, na wateja niwaambie nini?

MamaTunu_Mza

Habari za humu wakuu. Mimi natengeneza mafuta ya nywele ya mgando hapa Mwanza, nachanganya nazi, mnyonyo, siagi ya shea ya kutoka Uganda na nta ya nyuki kidogo ili yasiyeyuke njiani, wateja wangu wengi ni wa nywele za asili. Sasa anayeniuzia malighafi kule Kariakoo kanishawishi niongeze lanolini, akanitumia kikopo cha kujaribia. Kitu chenyewe cha njano kama asali iliyoganda, kinanata balaa, ukishika simu baada ya hapo utaifuta mpaka kesho, na ukikisogeza puani kina kaharufu ka zizi kwa mbali.

Nimempaka binti yangu baada ya kumuosha nywele, zikiwa bado mbichi, kwa kweli zimekaa laini na hazikukatika wakati wa kuchana kama kawaida yake, mimi nimependa. Shida ilianza nilipoweka status kwamba mzigo unaokuja una lanolini. Mmoja akauliza "hayo si mafuta ya nguruwe hayo?", mwingine ni hawa wasiotumia kitu chochote cha mnyama akasema basi nimtoe kwenye oda, wa tatu mama mtu mzima anasema ni mafuta ya kondoo yaleyale ya mkia waliyokuwa wanatupaka kifuani tukikohoa tulivyokuwa wadogo. Nikamrudia muuzaji, ananijibu "hayo ya kisasa sista usiogope", sasa hilo nalo ni jibu?

Naomba mnisaidie wenye uelewa. Ni mnyama gani, inatoka sehemu gani ya mwili, anachinjwa au hachinjwi, kwa Muislamu ikoje, na kwa nywele zetu hizi za kipilipili inafanya nini ambacho nazi haifanyi? Na kama kuna madhara semeni mapema kabla sijaagiza ndoo nzima.

Mfamasia_wa_Kona

Dada hapo muuzaji wako kakukimbia tu, jibu lipo na wala siyo siri.

Ni kondoo. Nguruwe hahusiki hata kidogo, hiyo waambie kifua mbele. Na siyo mafuta ya ndani ya mwili, ni nta inayotoka kwenye vitezi vya ngozi yake na kupaka sufu ili mvua isimloweshe mpaka kwenye ngozi. Sufu ikishakatwa inapelekwa kiwandani, na kabla haijasokotwa kuwa nyuzi lazima ioshwe kwa maji ya moto na sabuni maana ni chafu ajabu, ina udongo, jasho, mavi, kila kitu. Yale maji machafu ya kuoshea ndiyo yenye lanolini. Wanayapitisha kwenye mashine inayozunguka kwa kasi sana, nta inajitenga, halafu inasafishwa tena na tena, inapunguzwa rangi, inaondolewa harufu. Sufu mbichi inaweza kuwa na hiyo nta kuanzia asilimia 5 mpaka 25 ya uzito wake inategemea na aina ya kondoo, kwa kondoo mmoja wa merino, aina yenye sufu nyingi, wanapata kama mililita 250 hadi 300. Kwa hiyo kondoo amenyolewa, karudi malishoni, mwakani ananyolewa tena.

Yule mama wa mafuta ya mkia mwambie kwa heshima kwamba ni vitu viwili tofauti kabisa. Mafuta ya mkia ni mafuta kweli, kundi moja na samli na ya kupikia, na kuyapata lazima mnyama achinjwe. Lanolini japo wengine wanaiita mafuta ya sufu ni nta, imeundwa na asidi ndefu za mafuta zilizofungana na alkoholi nzito, kolesteroli ikiwa mojawapo. Ndo maana haiozi haraka kama mafuta ya mkia yanavyochacha.

Sasa kwenye nywele. Nazi inaingia ndani ya unywele, lanolini inabaki juu na kufunika, hapo ndo tofauti. Alafu ina tabia moja ambayo mafuta mengi hayana, inakunywa maji. Chukua kijiko chake, pasha kidogo mpaka ilainike (inayeyuka kuanzia nyuzi 38 au 40 hivi kwenda juu), anza kukoroga huku unadondosha maji ya vuguvugu tone moja moja. Utaona maji yanapotelea ndani, na ile njano inageuka krimu nyeupe nzito, bila kuweka kitu kingine chochote. Inaweza kubeba maji mpaka mara mbili ya uzito wake. Jaribu hivyo na mafuta ya nazi uone kama hayajakuachia dimbwi chini. Kwa hiyo nywele ikiwa imeloa ukapaka kidogo, yale maji yanachelewa kutoka. Ukipaka kwenye nywele kavu unafunga ukavu ndani, utanata tu bure.

Na siyo kitu kigeni majumbani mwetu. Wajerumani wawili, Otto Braun na Oscar Liebreich, ndo walipata hataza ya kuisafisha mwaka 1882. Nivea ilipotoka Hamburg mwaka 1911 iliwezekana kwa sababu ya Eucerit, kitu kilichotengenezwa kutokana na hiyohiyo nta ya sufu, ndicho kilichoshikilia maji na mafuta pamoja. Geuza lile kopo la bluu usome nyuma, utakuta "Lanolin Alcohol". Hair food nyingi za madukani pia zinayo. Majina mengine ya kuangalia ni "Adeps Lanae", "Wool Wax", na yale yanayoanza na "Laneth". Ukikuta "PEG-75 Lanolin" hiyo imebadilishwa iweze kuyeyuka kwenye maji, wanaweka kwenye shampuu na kondishona.

Mchungaji_Molo

Nimesoma nikacheka hapo kwa kaharufu ka zizi. Mimi niko Molo, Kenya, mzee wangu amefuga kondoo wa sufu tangu sijazaliwa, aina ya Corriedale na Hampshire. Siku ya kunyoa huwezi kosa kujua, unashika ile sufu karibu na ngozi unapata ni ya njano na inateleza, mkono unaingia mkavu unatoka umepakwa. Jioni mikono ya kila mtu iko soft hata kama asubuhi ilikuwa imepasuka na baridi ya huku, na makasi yenyewe inabidi uyafute saa zote kwa sababu yanashikana.

Lakini msidhani kondoo yeyote anatoa hiyo kitu. Wale wekundu wa Wamasai na wale Persian wa kichwa cheusi, hao ndio wengi huku Afrika Mashariki, wako na nywele fupi tu kama za mbuzi, hakuna sufu ya kunyoa. Dorper nao, ambao kila mtu anawakimbilia siku hizi, sufu yao inaanguka yenyewe, walizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama. Kwa hivyo lanolini yako MamaTunu imetoka mbali, Australia au New Zealand au huko China kwenye viwanda vikubwa vya kuosha sufu. Huku kwetu sufu bei ilianguka mpaka watu wengine wananyoa tu ndio kondoo asiumie na joto, gunia linakaa store.

MamaTunu_Mza

Asanteni sana jamani, Mfamasia umenifungua macho, hiyo ya kudondosha maji nimeifanya sasa hivi jikoni imekuwa nyeupe kweli! Sasa swali, hiyo krimu nyeupe siwezi kuweka moja kwa moja kwenye makopo nikauza? Maana inapakika vizuri kuliko ile ya njano. Na la dini bado sijajibiwa, nusu ya wateja wangu ni Waislamu.

BinSalim_Tanga

Assalaam alaykum. La dini ngoja niseme ninavyolijua, mimi siyo mufti.

Kanuni ni kwamba kinachokatwa kwa mnyama aliye hai hukumu yake ni ya mzoga, lakini sufu, manyoya na nywele za mnyama anayeliwa zimetolewa humo, na dalili yao maarufu ni Surat An-Nahl aya ya 80 ambapo Allah ametaja sufu na manyoya na nywele zao kuwa ni vyombo na manufaa kwetu. Kondoo analiwa, jasho lake ni twahara, sufu yake iliyokatwa akiwa hai ni twahara. Hapo hamna mzozo.

Mzozo mdogo uko sehemu moja ambayo wengi hawaigusi. Siyo sufu yote ya duniani inakatwa kwa kondoo hai, nyingine inavuliwa kwenye ngozi za kondoo waliokwisha chinjwa machinjioni, na huko inakotoka wengi hawachinji kwa kufuata sharia. Kwa Mahanafi hilo halina shida, sufu ya mzoga kwao ni twahara. Kwa sisi Mashafii, ambao ndo wengi huku pwani, kauli mashuhuri ni kwamba nywele za mzoga ni najisi pamoja na mzoga wenyewe. Kwa hiyo mteja mwenye wasiwasi asionekane anajifanya, ana hoja yake ya kielimu. Kama unauza kwa Waislamu wengi muulize muuzaji kama mtengenezaji ana cheti cha halali, wapo wenye vyeti. Akikwambia "ya kisasa usiogope" tafuta muuzaji mwingine.

Halafu dada zangu wanahangaika na lanolini huku wanaogea sabuni imeandikwa "Sodium Tallowate" na hawaulizi. Hayo ndo mafuta ya mnyama aliyechinjwa, mara nyingi ng'ombe, sijui kachinjwa na nani. Na glisarini nayo inaweza kuwa ya mimea au ya mnyama, kopo halisemi.

Mfamasia_wa_Kona

BinSalim umenena vizuri.

MamaTunu, hiyo krimu USIUZE hivyohivyo. Palipo na maji pana ukungu na bakteria, na joto la Mwanza hilo halisubiri. Kama mafuta yako hayana tone la maji kaa hivyohivyo, mteja ndo aweke maji kwenye nywele zake kabla ya kupaka. Ukitaka kutengeneza yenye maji lazima uweke kihifadhi na kipimo chake ukijue, siyo kukisia. Na ukinunua uangalie kama ni ile kavu au iliyokwishachanganywa na maji, ipo inayouzwa ikiwa na maji kama robo hivi ya uzito, ukiitia kwenye mafuta yako ukadhani ni kavu umeingiza maji bila kujua.

Kiasi, anza na gramu 5 kwenye gramu 100, ukipita gramu 10 utapata malalamiko ya mito kunata. Nta ya nyuki nayo ipunguze, maana zote mbili zinafanya kazi ya kufunika.

Dada_Saluni

Samahani naingilia. Nyote mnaisifia ila mimi nipo saluni Arusha na naona upande wa pili. Mtu anapaka haya mafuta mazito kila siku asubuhi juu ya nywele kavu, haoshi wiki tatu nne kwa sababu kasuka, siku ya kufumua nikipitisha kitana kinatoka na ugoro wa kijivu, vumbi na nta vimeshikana. Halafu ananiambia nywele zake hazikui. Kwa mwenye mba ndo kabisa, ngozi inawasha anaongeza mafuta, inawasha zaidi anaongeza tena.

Na kuna wateja lanolini inawakataa kabisa, nina mmoja masikio yanavimba na shingo inatoka vipele, tulihangaika tukibadilisha rasta tukidhani ni rasta, kumbe ni mafuta. Kwa hiyo mnaposema ni ya asili haina shida mimi naguna.

Mfamasia_wa_Kona

Hakuna aliyesema haina shida mama, tulikuwa hatujafika huko. Aleji ya lanolini ipo na inajulikana, mwaka 2023 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulika na mzio wa ngozi kiliichagua ndiyo kizio cha mwaka. Ila isikutishe kupita kiasi, kwa watu wenye ngozi nzima wanaopata ni wachache, inawapata zaidi wenye pumu ya ngozi au vidonda vya miguu visivyopona, maana ngozi yao imeshafunguka na wanapakwa kila siku. Zile alkoholi za ndani yake ndo zinazotajwa sana. Kinachochekesha ni kwamba wenye pumu ya ngozi ndio haohao wanaoshauriwa wapake vitu vizito.

Kwa hiyo MamaTunu kwenye lebo andika LANOLINI waziwazi, usiifiche kwenye "mafuta asilia". Na mteja mpya mwambie apake kidogo upande wa ndani wa kiwiko asubuhi na jioni kwa siku kadhaa kabla hajajaza kichwani. Mwenye historia ya kuwashwa na sweta la sufu usimpe jibu la haraka pia, mara nyingi sweta linawasha kwa sababu ya nyuzi zenyewe kuchoma ngozi, siyo lanolini, hivyo apime tu kama wengine.

Nesi_Leba

Niongeze kidogo maana humu kuna kina mama. Hii lanolini ndo ileile inayouzwa kwenye tyubu ndogo kwa ajili ya chuchu zilizopasuka, ila ile ni iliyosafishwa kwa daraja la dawa. Kondoo huko kwa wenye sufu wanaogeshwa kwenye josho kwa dawa za kuua wadudu, na zile dawa zinapenda kukaa kwenye nta, hivyo ya kumpakia mama anayenyonyesha lazima isafishwe mpaka mabaki yawe kidogo sana. MamaTunu usije ukamgawia mtu hiyo ya ndoo akapake titi!! Hiyo ni ya nywele.

Hiyo safi ukipaka kidogo huna haja ya kuifuta kabla mtoto hajanyonya. Lakini nawaambia ukweli wodini, chuchu ikipasuka kwanza angalia mtoto anavyoshika. Kama anashika ncha tu badala ya kuingiza sehemu kubwa ya ile duara nyeusi, utapaka tyubu tatu na bado utalia. Na tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuonyesha lanolini inashinda maziwa yako mwenyewe ukikamua matone ukapaka ukaacha yakauke. Hayo ni bure.

Majani_Tu

Mimi ni mmoja wa hao "wasiotumia kitu chochote cha mnyama" waliosemwa hapo juu hahaha. Mmeeleza kama vile kondoo ananyolewa tu anarudi malishoni anafurahi. Australia kuna kitu wanamfanyia merino, wanamkata kipande cha ngozi karibu na mkia akiwa mdogo ili nzi wasitage mayai kwenye mikunjo yenye kinyesi, funza wakamla. New Zealand walipiga marufuku 2018, Australia bado wapo wanaofanya. Na akizeeka sufu ikapungua anaenda machinjioni kama wengine. Sisemi msitumie, nasema mteja wako alivyokataa hakuwa anajidai.

Pia mama, kama unataka kutuuzia sisi jua nta ya nyuki nayo hatutumii. Shea yako hiyo ya Uganda peke yake na mnyonyo inatosha kabisa, ukitaka igande zaidi ipo nta ya mimea inaitwa kandelila.

MamaTunu_Mza

Nimekuelewa Majani_Tu, basi nitafanya aina mbili, makopo ya kijani bila nta wala lanolini na ya kahawia yenye lanolini nikiandika ni nta ya sufu ya kondoo. BinSalim cheti nimeshamuuliza muuzaji, kasoma meseji kanyamaza. Nesi nimekusikia, shemeji yangu alikuwa ameshaanza kuninyemelea na kikopo. Sasa Mchungaji_Molo, kama kwenu gunia la sufu linakaa stoo, si tukamue wenyewe?

Mchungaji_Molo

Hiyo idea nimeshaifikiria hahaha. Kwa sufuria inawezekana kiasi, unachemsha sufu kwa moto mdogo saa kadhaa na chumvi kidogo, unatoa ile sufu, unaacha maji yapoe usiku, asubuhi kuna utando wa njano juu unaukwangua. Unarudia kuuyeyusha kwa maji safi na kuchuja na kitambaa. Lakini unachopata ni kidogo sana, sehemu kubwa inabaki kwa sufu au inamwagika na maji, na kinanuka kondoo mzima na jasho lake, hicho unapaka mshipi wa ngozi na viatu vya shamba, si kichwa cha mtoto wa mtu. Bila zile mashine za kiwandani za kusafisha huwezi kutoa rangi na harufu, na ile dawa ya josho aliyosema nesi itakuwa imebaki yote.

Mfamasia_wa_Kona

Na hata ukiipata, wewe MamaTunu upo Tanzania, vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, watakuuliza malighafi imetoka wapi na ina karatasi gani. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Mwanza kwanza wakuelekeze usajili kabla hujachapisha hizo lebo za kijani na kahawia, maana ukishachapisha elfu moja ndo wanakwambia tarehe ya mwisho wa matumizi umeiweka pasipotakiwa.